Koni ya Tatu ya Milembe

Milembe binti Ndalahwa hakuwa mtu wa kusamehe, na wala hakujisingizia. Kanisani alipiga magoti na wenzake, akasema maneno yote ya sala mpaka wanapofika pale pa kuwasamehe waliotukosea. Hapo alifunga mdomo, akasubiri wenzake wavuke, kisha akaungana nao mbele. Padri alimwona. Mwaka wa tatu sasa alikuwa akimwona, na alikuwa ameshaacha kumuuliza.

Kibanda chake cha mabati kiko nyuma ya soko la Bariadi, jirani na wauza mashudu. Ukipita upesi utadhani ni pa kuziba pancha. Ndani mna jiliwa moja ya kubania vyuma, iliyochakaa midomo, tupa kumi na moja zilizopangwa kwa ukali wake, jiko la mkaa, debe la mafuta ya pamba, na kerezo aliyoiunda baba yake, mzee Ndalahwa, kwa kipande cha reli na rimu ya baiskeli. Mmoja anazungusha rimu kwa mkono, mkanda unazungusha chuma, na wa pili anashika kisu cha kunyolea na kukinyoa kile chuma taratibu mpaka kipate umbo. Umeme haumo. Mzee Ndalahwa alikuwa akisema umeme unamfanya fundi awe na haraka, ingawa ukweli ni kwamba aligombana na watu waliokuja kusimika nguzo.

Sasa, huku kwetu baiskeli haifanyi kazi ya baiskeli. Inabeba pamba kutoka Sapiwi, inabeba mpunga, inabeba madumu ya maji, inabeba mgonjwa pamoja na mtu wa kumshikilia mgonjwa. Ekseli za dukani, zile zinazokuja zimeviringishwa kwenye karatasi ya mafuta, zinapinda kabla msimu haujaisha. Mzee Ndalahwa alichoka kuzibadilisha. Akaanza kuchonga zake kutoka kwenye shafti za matrekta yaliyokufa, akizichoma kwenye mkaa na kuzitosa kwenye mafuta ya pamba ili zikomae bila kuwa na ubishi wa kuvunjika. Akachonga na koni zake, vile vichwa viwili vinavyojisokota kwenye ekseli na kuzikalia gololi ndani ya habu, kile kitovu cha gurudumu, ili gurudumu lizunguke bila kuyumba. Hata kidude cha kukatia thredi alijitengenezea mwenyewe, kwa kuiga bolti ya mashine fulani ya kizamani ya kuchambulia pamba. Thredi yake ikawa pana kuliko ya dukani kwa kiasi ambacho jicho halioni. Ukichukua koni ya dukani ukaifunga kwenye ekseli yake, inakwenda mizunguko miwili, halafu inagoma.

Alikuwa na desturi mbili. Ya kwanza, kila ekseli aliichongea koni tatu. Mbili zinaingia kwenye gurudumu, ya tatu inalala kwenye kopo la grisi na kikaratasi chenye jina la mwenyewe, kwa ajili ya siku moja itakapopasuka. Ya pili ilikuwa siri. Katikati ya ekseli, mahali ambapo habu inapafunika na hakuna anayepaona, alipitisha tupa mara tatu, mistari mitatu iliyobanana. Aliwaonyesha watoto wake wawili tu, Milembe na mdogo wake Shija.

"Msimwonyeshe mtu," aliwaambia. "Alama ikijulikana itaigwa."

Mzee alipofariki, Milembe alirithi kibanda, tupa na desturi zote mbili. Akawa fundi mzuri kuliko baba yake, na watu walilisema hilo hata kabla ya arobaini ya mzee kuisha. Shija yeye hakuwa na subira ya tupa. Yeye alikuwa na miguu. Kila mwaka, wakati wa mavuno ya pamba, kuna mashindano ya baiskeli kutoka Bariadi kwenda Nkoma na kurudi, na Shija alikuwa ameshashika nafasi ya tatu, kisha ya pili, na kila mtu sokoni alijua mwaka unaofuata ni wake.

Alikuwa akiendeshea timu ya Maduhu. Maduhu ana duka kubwa la vipuri pale mjini, kitambi cha heshima, na sauti ambayo haikuhitaji kipaza sauti lakini ilikipenda. Mwaka ule timu yake ilikuwa na waendeshaji wawili: Shija, na mpwa wake Nyanda, kijana mnene wa mapaja kutoka Sapiwi. Milembe alimchongea mdogo wake ekseli ya mbele kwa siku tisa. Hakuwahi kutengeneza kitu kizuri kama kile. Akaifunga kwa mikono yake, na siku moja kabla ya mashindano, kama sheria ya timu ilivyotaka, baiskeli ikapelekwa dukani kwa Maduhu.

Kesho yake, kwenye mteremko wa kuingia Nkoma, Shija akiwa anaongoza, ekseli ya mbele ilikatika. Ekseli ya mbele ikikatika mteremkoni hakuna la kufanya. Shija aliruka, baiskeli ikamfuata, na goti lake la kulia likapigwa na jiwe mpaka likawa si goti tena. Nyanda alimpita pale pale na kwenda kushinda.

Hayo yote Milembe angeweza kuyapeleka kwa Mungu. Lakini wakati Shija amelala nyuma ya pikapu anapelekwa hospitali, Maduhu alishika kipaza sauti mbele ya uwanja mzima akasema: "Ndugu zangu mmejionea wenyewe. Ekseli ya kuchonga, tena ya kuchongwa na mwanamke. Njooni dukani mchukue kitu cha kiwandani!" Na watu wakacheka. Milembe alikuwa amesimama katikati yao, akitafuta usafiri wa kumfuata mdogo wake.

Shija alifika hospitali na ile ekseli iliyokatika ndani ya ngumi yake. Milembe aliifuta kwa ncha ya kanga. Ilikuwa imekatikia ukingoni, karibu na koni, kwa hiyo katikati palikuwa pazima, na palikuwa laini. Mistari mitatu haikuwepo.

Ile haikuwa ekseli yake. Mtu alikuwa ameichomoa yake na kuweka ya dukani, na baiskeli ilikuwa imelala kwa mtu mmoja tu, Maduhu. Alimfuata Maduhu, Maduhu akacheka. Aliifuata kamati ya mashindano, wazee wakamsikiliza kwa adabu, kisha mmoja akauliza: "Hiyo alama nani mwingine amewahi kuiona?" Nani angekuwa ameiona? Baba yake alikuwa ameificha vizuri kiasi kwamba hata bintiye hakuweza kuitumia. Wakamwambia pole na ajali, akarudi nyumbani.

Kuanzia hapo wateja walimhama mmoja mmoja. Hawakumtukana, walimsalimia kwa upole na kupitiliza. Mikono iliyokuwa ikichonga shafti ya trekta ikawa inanoa mapanga na kuziba pancha za watoto wa shule. Shija alitoka hospitali na mguu usiokunjika. Akaketi kwenye stuli kando ya kerezo, mguu umenyooka mbele yake, akawa mzungushaji wa rimu siku zile chache ambazo kulikuwa na kitu cha kuzungushia.

Baiskeli iliyoshinda, Maduhu aliitundika ukutani dukani kwake, akaivisha maua ya plastiki. Kila mwaka aliishusha kwa ajili ya Nyanda, na Nyanda akashinda tena. Halafu Maduhu akafanya jambo ambalo mjini wangelicheka na vijijini wangelielewa: aliipeleka baiskeli kwa mganga wa Migato, ikapigwa zindiko. Sharti lilikuwa moja. Kisitolewe kitu chochote mle kikawekwa kigeni, na kikiharibika kitu, kitengenezwe na mkono ule ule uliokitengeneza mwanzo. Nyanda alilishika sharti lile kuliko amri kumi. Na Maduhu, kwa kuwa hawezi kuwa na jambo akakaa nalo, alilitangaza sokoni kote. Milembe alilisikia akalicheka. Kicheko chake kilikuwa hakijui bado kinacheka nini.

Mwaka huu, siku nne kabla ya mashindano, Wilhelmina, mke wa Maduhu, aliingia kibandani saa tatu asubuhi akiwa amefunga kitu kwenye pindo la kanga.

"Mwangaluka, mayu," alimwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka. Karibu mayu, kaa."

"Sikai, nimetumwa." Alifungua lile fundo. Ndani mlikuwa na koni iliyopasuka. "Baba watoto anaomba moja kama hii. Amejaribu za dukani zote, haziingii. Alitaka abadilishe ekseli nzima, Nyanda amesema kikitolewa kitu hapandi."

Milembe aliipokea, akaifuta grisi, akachukua bolti ya kupimia ya baba yake na kuiweka ile koni kwenye ncha. Ilishuka kwa kidole kimoja hadi mwisho, bila kelele. Rimu ikasimama. Shija alikuwa ameacha kuzungusha.

"Ya baiskeli gani hii?"

"Ile ya ukutani," alisema Wilhelmina, akaangalia nje kwenye magunia ya mashudu. "Mimi nimetumwa tu, mayu."

Milembe alitaka kusimama, achukue nyundo, aende dukani kwa Maduhu, ampige nayo hadharani kisha aende polisi mwenyewe kwa miguu yake. Alitaka hivyo kwa mwili mzima. Miaka mitatu alikuwa akijiuliza ekseli yake ilitupwa wapi, kwenye shimo gani, kwenye mto gani, na muda wote huo ilikuwa inaning'inia ukutani imevikwa maua, na kila aliyeingia kununua spoki aliitazama. Nyanda alikuwa ameshinda juu ya chuma chake. Na alichekwa yeye.

Lakini alibaki ameketi. Sauti aliyoitoa ilikuwa ya fundi.

"Mwambie koni yake ataipata. Ila haikai vizuri mpaka ipimwe kwenye gurudumu lenyewe. Asubuhi ya mashindano nitakuwa uwanjani na vyombo vyangu. Alete gurudumu mwenyewe, kwa mkono wake. Si ndivyo mganga alivyosema, mkono ule ule?"

Wilhelmina alikaza kanga, akaondoka.

"Utamchongea?" aliuliza Shija.

Milembe aliinuka, akafika kwenye rafu ya juu, akashusha kopo la grisi. Akaingiza vidole mpaka chini, akatoa koni moja inayong'aa kama jana, na uzi wenye kikaratasi kilichofungwa nailoni. *Shija Ndalahwa, mbele.* Na mwaka.

"Ilishachongwa," alisema.

Zile siku nne alikuwa na furaha mbaya. Aliimba akiosha vyombo. Nisimfiche: siku moja nzima alifikiria kuchonga koni nyingine, aichome kisha aitose kwenye maji badala ya mafuta. Chuma kinachopozwa hivyo kinakuwa kigumu na kinavunjika kama kikombe, na mteremko wa Nkoma ungemaliza kazi. Aliliwaza hilo bila haya. Kilichomzuia ni kwamba juu ya baiskeli angekuwa Nyanda, na Nyanda hakumkosea lolote zaidi ya kumpita mdogo wake. Angekuwa Maduhu ndiye anayepanda, mimi nisingemwekea Milembe dhamana.

Asubuhi ya mashindano uwanja ulijaa mapema. Ngoma ilikuwa imeshaanza upande wa magoli, kamati inakagua breki, waendeshaji wanapaka miguu mafuta. Milembe aliketi juu ya sanduku lake la vyombo mahali ambapo kila mtu alipita. Shija alikaa kando yake na fimbo.

Maduhu alikuja na shati jeupe, gurudumu mkononi, Nyanda nyuma yake amevaa jezi. Mtangazaji wa mashindano aliwafuata na kipaza sauti, maana alipo Maduhu huwa kuna la kutangaza.

"Mwangaluka, mayu Milembe!" alisema Maduhu kwa sauti ya kusikika mbali, watu waone ukubwa wa moyo wake.

Milembe hakuitika. Huku kwetu salamu haiachwi hewani, hata adui unamwitikia kwanza ndipo mpigane. Watu waliokuwa karibu waligeuka.

"Koni za dukani kwako unazo?" aliuliza.

Maduhu alikuwa nazo mfuko mzima, mfanyabiashara hatembei mikono mitupu. "Ninazo, lakini..."

"Jaribu kwanza. Usije ukasema nimekulazimisha yangu."

Akajaribu moja. Mizunguko miwili, ikagoma. Akajaribu ya pili, ikagoma. Ya tatu aliisukuma kwa spana mpaka shingo ikamvimba, ikagoma. Watu wakawa wamesogea, wanahesabu.

"Mjomba, mbona haziingii?" Nyanda aliuliza. "Ulisema hii ni ya kiwandani. Uliniambia umeniagizia Mwanza."

Milembe alimpa mtangazaji kile kikaratasi. "Soma."

Mtangazaji ni mtu wa kusoma chochote anachopewa. "Shija Ndalahwa, mbele," alisoma, kipaza sauti kikiwa mdomoni, na uwanja mzima ukasikia. Akautaja na mwaka. Kisha akashusha kipaza sauti, maana mwaka ule kila mtu aliukumbuka.

Milembe aliweka koni kwenye ncha ya ekseli na kuisokota kwa kidole kimoja. Ikashuka kwa wepesi mpaka ikagusa gololi. Akaifungua tena, akaishika ekseli upande wa pili, akaichomoa yote. Gololi zilimwagika kwenye vumbi. Nyanda aliinama kuziokota, kisha akaacha. Milembe akafuta chuma kwa kanga, akainua juu.

"Mistari mitatu katikati," alisema. "Ni siri ya marehemu baba yangu na leo nimeitoa, anisamehe. Shija, toa yako."

Shija akatoa mfukoni ile ekseli iliyovunjika. Ilikuwa imeng'arishwa na miaka mitatu ya kushikwashikwa. Ilipita mkono kwa mkono mpaka kwa wazee wa kamati, na kila aliyeishika alipapasa katikati kwa kidole gumba.

"Vijana dukani walichanganya," alisema Maduhu. "Vitu vinafanana..."

"Dukani kwako hakuna kijana anayegusa baiskeli za timu," Nyanda alisema polepole. "Unazifunga mwenyewe, mjomba."

Milembe alichukua kipaza sauti kutoka kwa mtangazaji na kumnyooshea Maduhu. "Mwaka ule ulijua kukitumia."

Maduhu aliangalia watu. Hakuna aliyekuwa anacheka. Akasema, na kwa mara ya kwanza maishani kipaza sauti kikawa na kazi kwake: "Ekseli iliyovunjika ilikuwa ya dukani kwangu. Ya Milembe niliichukua mimi."

"Hatusikii!" walipiga kelele upande wa ngoma.

Akasema tena. Milembe alikuwa anasikia utamu mpaka kwenye meno. Alijua ilitosha. Alijua mtu mwema angeishia hapo.

"Kule magolini hawajasikia," alisema.

Maduhu akasema mara ya tatu, jasho likimchuruzika mpaka kwenye lile shati. Kisha akarudisha kipaza sauti na kunong'ona: "Nimesema yote. Sasa nifungie, mayu. Bado nusu saa."

"Nilikuahidi koni," Milembe alisema. "Mimi siyo wewe, nikiahidi natimiza." Akamwekea ile koni ya tatu kiganjani, akamfumba vidole kwa mkono wake. "Hiyo ni yako. Ekseli ina mwenyewe."

Akageuka, akampa Shija ekseli.

Ilichukua muda kidogo mpaka Maduhu aelewe. Alisimama katikati ya uwanja na gurudumu tupu upande mmoja na koni upande wa pili, koni nzuri kuliko zote alizowahi kuziuza, na pale uwanjani kulikuwa na chuma kimoja tu ilichoweza kuingia. Nyanda alivua kofia ya mashindano, akaiweka juu ya sanduku la vyombo la Milembe, akaenda kuketi kwenye nyasi. Mwaka huu ameshinda mtu wa Nkoma ambaye hata jina lake watu hawakulishika vizuri.

Mchana ule ule wateja walianza kurudi kibandani. Mwanamke mmoja wa Sapiwi alileta magurudumu mawili kwa mpigo. Wengine walikuja kuomba waonyeshwe mistari mitatu, na Milembe aliwaonyesha, akakaripia waliotaka kupiga picha. Shija alizungusha rimu mpaka kiganja kikatoka malengelenge. Ile ekseli yake aliiweka mapajani muda wote. Jioni wakifunga mlango aliigeuzageuza akasema tu, "Mteremko ule ningeumaliza na hii," na Milembe akasukuma komeo.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Watu walimpisha njia kanisani, wengine wakamshika mkono, na padri alimtazama kwa matumaini. Milembe alipiga magoti. Kando yake Shija alibaki ameketi kwenye benchi kama anavyoketi tangu aanguke, fimbo imelala sakafuni, mguu wa kulia umenyooka mpaka kwenye njia ya katikati, na watoto wanaokwenda mbele wanauruka. Sala ikafika pale pake. Milembe aliutazama ule mguu, akafunga mdomo, akawasubiri wenzake wavuke.